Mwaka wa Transfoma ya Nyalenda

Nilikuwa Dunga, katika ukumbi mdogo unaotazama ziwa, nikiwaonyesha waandishi wanane wachanga jinsi ya kusoma bili ya stima ya mtambo wa barafu ya samaki, Achieng' aliponipigia simu. Sikuipokea. Alipopiga mara ya pili, nikajua. "Auntie Wairimu," alisema, "baba ametuacha asubuhi." Nilirudi mbele ya wale vijana nikamalizia somo, kwa sababu sikujua jingine la kufanya, na msichana mmoja mwenye miwani akaniuliza swali ambalo huulizwa kila mwaka: niliingiaje katika uandishi wa habari za nishati, kazi ambayo hakuna mtoto anayeiota. Huwa nina jibu fupi la kuwachekesha. Siku hiyo lilinikwama. Jibu la kweli lilikuwa mtu, na mtu huyo alikuwa ameaga dunia saa chache zilizopita nyumbani kwake, nje kidogo ya Awasi. Mtu huyo nilimtendea ubaya kabla hatujaonana kwa macho.

Mwaka wa ubaya huo nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Wazazi wangu walikuwa wamefunga duka lao la Kisumu na kurudi Murang'a, nami nilibaki kwa sababu nilikuwa nimepata kazi katika kituo kidogo cha redio kilichokuwa ghorofani, juu ya duka la misumari na rangi. Kuta za studio zilikuwa zimepigiliwa magodoro ya zamani ili sauti isirudi, na mchana, jua lilipopiga bati, chumba kizima kilinuka kama kitanda cha mgonjwa. Mhariri wetu, Mzee Ogola, alikuwa mtu mfupi aliyevua viatu mlangoni kabla ya kuingia studioni, na wageni wote, hata mheshimiwa mbunge, walilazimika kumwiga. Jumatatu yangu ya kwanza aligawa kazi. Siasa ilichukuliwa upesi, kandanda ikagombaniwa, mahakama ikapata mtu. "Stima je?" akauliza. Kila mtu akatazama daftari lake. "Stima, mafuta taa na makaa, Wairimu," akasema, na chumba kikacheka. Nilihisi kama niliyepewa ufagio. Sikujua wakati huo kwamba nimekabidhiwa jambo ambalo kila nyumba ya mji ule ililizungumzia kila jioni kabla hata ya kusali.

Nililala Kaloleni, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Mama Pelesia, mjane aliyekuwa amestaafu ukunga. Kati ya chumba changu na jikoni palikuwa na ukuta wa mbao ambao haukufika darini, kwa hiyo nilisikia kila kitu: maji yakimiminwa, maombi yake marefu, ugomvi wake na mtangazaji yeyote aliyekosea jina la mtu. Hakuniruhusu nipike peke yangu. Omena, dagaa wa ziwani, alizichemsha kwanza akamwaga maji, ndipo akazikaanga na nyanya nyingi. Ugali wake aliuchanganya na unga wa mtama hadi ukawa na rangi ya udongo wa mtoni. Tulikula kimya, kisha tukazungumza. Aliniita nyathina, yaani mwanangu. Kidholuo changu kilikuwa cha sokoni: salamu, bei na asante. Mtu akiongea haraka nilishika nusu, ile nusu nyingine nikajijazia mwenyewe. Na nilikuwa na kiburi cha kutouliza mara ya pili. Niliona kwamba mwandishi anayeomba arudiwe neno ni mgeni, na mimi, mwenye jina langu la Murang'a na sura yangu katika mji ule, nilikuwa nimechoka kuonekana mgeni.

Katikati ya mwaka transfoma ya upande mmoja wa Nyalenda iliungua. Wiki ya kwanza watu walicheka, wiki ya pili wakanuna, wiki ya tatu kinyozi akaondoka, na mama wa maziwa akaanza kumwaga. Nilitumwa huko na kinasa sauti cha kaseti kilichoning'inia begani kama mkoba wa shule. Kando ya nguzo palikuwa na kinu cha kusaga mahindi kilichoendeshwa kwa dizeli, ndicho pekee kilichokuwa kikifanya kazi, na mngurumo wake ulitikisa mpaka mabati. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki hapo aliinua uma wake akaelekeza juu kwenye transfoma, akaongea kwa Kidholuo, maneno mengi, na katikati nikasikia: "Wuon Achieng' ema noketho." Baba Achieng' ndiye aliyeharibu. Nilimjua kwa jina tu: fundi wa redio na pasi mwenye kibanda cha mbao mita chache kutoka hapo, ambaye ilisemekana huwavutia watu waya za stima bila mita. Kibanda kilikuwa kimefungwa siku hiyo. Sikungoja. Nilikimbia ofisini nikiwa na habari ya kwanza ya maisha yangu.

"Una uhakika?" Mzee Ogola aliniuliza, macho yake yakiwa kwenye saa ya ukutani.

"Niko na sauti," nikajibu.

Sauti hatukuirusha, kwa sababu kinu kilikuwa kimeifunika. Niliisoma mwenyewe kwa Kiswahili changu kizuri cha shule: kwamba mkaazi mmoja amemtaja Baba Achieng', fundi wa hapo hapo Nyalenda, kuwa ndiye aliyeiharibu transfoma. Nilipotoka studioni na viatu mkononi, mtu wa kandanda alinipiga bega. Nilinunua soda mbili siku hiyo, moja yangu, moja ya Mama Pelesia, na ninakumbuka kwamba hakuinywa. Aliiweka juu ya kabati akasema ataiona kesho.

Habari ilikuja kunipata siku ya Jumapili, baada ya kanisa. Nilikuwa nimejilaza chumbani, na dada yake Mama Pelesia, aliyekuwa akiishi Nyalenda, alikuwa amekuja kumsaidia kuchambua omena. Kwa sababu yangu walikuwa wamezoea kuchanganya Kiswahili hata nikiwa sipo, na nadhani siku hiyo hawakujua kama nipo.

"Kibanda ya Baba Achieng', majirani wamebomoa yote," dada alisema. "Mpaka mlango wamebeba. Bibi yake alikuwa ndani na mtoto."

"Waliumia?"

"Hawakuumia. Lakini wameenda. Wamerudi kwao Awasi na nguo tu." Omena zilianguka ndani ya beseni. "Na huyo mtu ndiye alikuwa anatusaidia. Yeye ndiye alipeleka barua kwa ofisi ya stima, akisema transfoma inavuja. Mara tatu. Sasa huyu msichana wako wa redio akasema nini?"

Mama Pelesia alisogeza beseni. Nilimsikia akisema polepole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka, "Ni mtoto. Hakusikia vizuri."

Nililala pale nikitazama lile pengo kati ya mbao na dari. Nimepata kusemwa vibaya mara nyingi tangu siku hiyo, na mawaziri, na wakurugenzi, na watu waliolipwa kunisema. Hakuna lililonishika kama utetezi ule wa upole. Dada alipokwisha kuondoka nilichukua kinasa sauti nikaenda jikoni. Mama Pelesia alinitazama, akafuta mikono, akavuta kigoda. Niliweka kaseti, kinu kikanguruma jikoni kwetu, na sauti ya mama wa samaki ikaja kama kutoka chini ya maji.

"Rudisha," alisema, akainamisha sikio hadi likagusa spika. Nikarudisha. "Tena." Mara ya nne akainuka. "Hasemi noketho, nyathina. Anasema noketo. Noketho ni aliharibu. Noketo ni aliweka. Baba Achieng' ndiye aliweka, halafu kinu inameza, halafu barupe. Barua. Baba Achieng' ndiye aliweka barua."

Nilimwomba alitamke neno lile na lile lingine, moja baada ya moja, na kila mara aliponiangalia kuona kama nimesikia tofauti, nilitikisa kichwa. Ilinichukua muda mrefu. Alilirudia mpaka jua likaondoka kwenye kizingiti, bila kukunja uso, jinsi alivyokuwa akiwafundisha wasichana waliokuwa wakijifungua mara ya kwanza namna ya kupumua. Niliposikia hatimaye, nililia, naye akaniacha nilie huku akiendelea kuchambua omena, kwa sababu zilikuwa zimebaki nusu.

Jumatatu nilimwambia Mzee Ogola kila kitu, nikamwomba dakika mbili hewani za kusahihisha. Aliitazama tena saa ya ukutani. Alikuwa na lake pia la kubeba. Alikuwa ametazama saa badala ya kusikiliza kaseti, na Kidholuo kilikuwa lugha ya mama yake. "Umeenda kwake?" akauliza.

"Bado."

"Basi unataka kumwomba msamaha kupitia mimi. Nenda kwanza. Ukirudi, dakika ni zako. Nami nitakuwa kando yako, kwa sababu hiyo makosa tulifanya wawili."

Nilimpata Baba Achieng' kwenye baraza la duka moja sokoni Awasi, amekaa juu ya kreti, pasi ya umeme imefunguliwa magotini pake. Nilikuwa nimetarajia mtu mkubwa mwenye hasira. Alikuwa mwembamba, mwenye vidole virefu vyenye makovu madogo ya moto, na alipoinua kichwa nikaona kwamba ananijua kwa sauti kabla sijamaliza salamu. Nilisema nilichokuwa nimekikariri njiani. Nilieleza kuhusu kinu, kuhusu neno lile, na kwamba sikuwa nimeuliza. Alinisikiliza hadi mwisho huku akikaza skrubu moja, akailegeza, akaikaza tena.

"Noketo," alisema, kama anayeonja kitu. "Kwa sababu ya herufi moja."

"Si herufi, Mzee. Ni mimi sikuuliza."

Hapo ndipo aliponiangalia vizuri. Alifunga kazi yake ndani ya gazeti akasema twende nyumbani, mtu hawezi kuongea mambo kama hayo barabarani. Nyumbani kwao palikuwa na nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, kimoja kikiwa bado na magunia ya mahindi ya kaka yake, na mtoto wao Achieng', wa miaka mitatu, alikuwa amelala mkekani, mdomo wazi. Mkewe hakujibu salamu yangu. Alipika. Alileta ugali, na mboga chungu za osuga alizozilainisha kwa maziwa, na bakuli la maji ya kunawa, akanishikia bakuli lile kama desturi inavyotaka, lakini macho yake yalikuwa juu ya bega langu, yakitazama mlango. Nimekula katika hoteli nyingi ambako kulikuwa na wahudumu wa kunimiminia maji. Sijapata kunawa mikono kwa aibu kama siku ile.

Baada ya chakula Baba Achieng' alitoa bahasha kutoka katikati ya Biblia. Ndani yake mlikuwa na nakala za barua tatu, mwandiko wa kulala, kila moja ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Katika ya kwanza aliandika kwamba mafuta yanatiririka kwenye nguzo. Katika ya pili, kwamba akina mama wamehamisha meza zao kwa kuogopa matone. Katika ya tatu, kwamba transfoma inatoa sauti ya nyuki. "Transfoma bila mafuta ni sufuria juu ya moto bila maji," aliniambia. "Itaungua tu. Haihitaji mtu."

Nilikuwa nikiandika haraka. Aliweka kidole juu ya daftari langu.

"Andika na hii. Nilivutia nyumba nne waya bila mita. Watu wa stima walikuwa wamewazungusha mwaka mzima. Ilikuwa makosa, lakini nilifanya."

"Hiyo si lazima isemwe, Mzee."

"Ni lazima. Ulinifanya shetani bila kuniuliza. Sasa usinifanye malaika bila kuniuliza."

Nilisema yote hewani Alhamisi hiyo, Mzee Ogola akiwa amekaa kando yangu na soksi zake. Nilisema kwa Kiswahili kwanza. Kisha, kwa ruhusa yake, nikasema kwa Kidholuo ambacho Mama Pelesia alikuwa amenifunza kwa siku tatu, sentensi kwa sentensi, meza ya jikoni ikiwa kati yetu. Lafudhi yangu ilikuwa mbaya. Simu zililia, na wa kwanza alikuwa mzee aliyetaka tu kujua ni msichana wa wapi huyu anayekitesa Kidholuo namna hii. Wa pili alikuwa mama wa samaki. Alisema alikuwa ameisikia habari ya kwanza akadhani kuna fundi mwingine mwenye jina hilo, na kwamba maneno yake mwenyewe yasingeweza kumdhuru jirani yake. Sauti yake ilikatika kabla simu haijakatika.

Nilizipeleka nakala za barua kwenye ofisi ya stima. Afisa mmoja aliiona mihuri, akatoka, akakaa muda mrefu, akarudi akasema faili linatafutwa. Nilirudi juma lililofuata, na lililofuata. Nilianza kujifunza kukaa kwenye benchi. Kabla ya Krismasi gari lilikuja Nyalenda na transfoma mpya ikapandishwa, na watu walipiga vigelegele, na mimi nikarekodi vigelegele vile. Wazee watatu wa mtaa walikwenda Awasi na kuku wawili kumwomba Baba Achieng' arudi. Aliwapokea vizuri, akachinja mmoja wa kuku hao wakala pamoja, akakataa. "Sitakuwa na ubaya na wao," aliniambia baadaye. "Lakini siwezi kutengenezea redio mtu halafu nikitazama ndani ya nyumba yake naona mlango yangu."

Ningependa kuandika kwamba kosa langu lilifutika. Halikufutika. Alikuwa na wateja wengi Nyalenda, na Awasi alianza upya akiwa na miaka arobaini, na kwa miaka kadhaa mambo yalikuwa magumu kwake kwa sababu yangu. Nilichoweza kufanya ni kwenda. Kila mwezi, Jumamosi, nilikwenda, mwanzoni kama mtu anayelipia dhambi, kisha, sijui ni lini hasa, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kumwona. Aliweka mita mbovu mezani akaifungua, akanipa kila kipande mkononi, na chai haikuja mpaka nimwambie kile kipande ni cha nini. Kwake ndiko nilikojifunza kwa nini taa hufifia jirani anapowasha mashine ya welding, na kwa nini bei ya mafuta taa ikipanda, makaa hupanda siku mbili baadaye, na misitu ya nani hulipa. Alinifundisha kusema "Sijasikia, rudia tafadhali," na kuisema bila kuinamisha kichwa. Nimeisema mbele ya mawaziri. Mmoja alikasirika, akarudia, na aliporudia, jibu lilikuwa jingine.

Mwaka ulipoisha Mzee Ogola aliniuliza kama ninataka kubadilishana na mtu wa mahakama, kwa kuwa nafasi ilikuwa imepatikana. Nilikataa kabla hajamaliza. Alicheka, akasema alifikiri hivyo, akanipa nusu saa kila Jumatano kwa kipindi cha stima, makaa na gesi. Kipindi kile kilidumu, kikanipeleka Nairobi, kikanipeleka kwenye visima vya mvuke vya Bonde la Ufa na kwenye visiwa vya ziwani vilivyowasha taa ya kwanza kwa jua. Na kila Alhamisi asubuhi, kwa miaka mingi, Baba Achieng' alinipigia kunisahihisha. Hakuwahi kunisifu. Nikiwa sina kosa, hakupiga, na siku hiyo nilifanya kazi kwa furaha.

Tulimzika Jumamosi baada ya simu ile ya Achieng'. Mama Pelesia na Mzee Ogola walikuwa wamemtangulia. Mkewe alikuwa amekaa mbele, amenyooka, kitambaa cheupe kichwani. Katika miaka yote ile ya kuingia nyumbani kwake, alinipikia kila mara na kuzungumza nami mambo ya mvua na afya tu. Sikumlaumu. Watu walipoanza kutawanyika kwenda kula, alinishika kiwiko akanipeleka jikoni, mahali palipokuwa na moshi na sufuria kubwa za msiba, akafunga mlango nusu.

"Yeye alikusamehe siku ile ile," alisema. "Ulikuwa hujafika barabarani. Mimi nilikataa."

"Najua, Mama."

"Hujui. Ngoja." Alisogeza kuni kwa mguu. "Kuna siku ulisema kwa redio stima imerudi Katito. Halafu hujafika mbali, ukasema, hapana, nimekosea, imerudi kwingine, Katito bado iko giza, watu wa Katito mnisamehe. Hakuna mtu alikuwa amekupigia. Mimi nilikuwa napepeta mchele. Nikasema, huyu amejifunza. Siku hiyo nikaacha."

Nilijaribu kuikumbuka siku hiyo nikashindwa. Ilikuwa habari ndogo kati ya habari elfu. "Ilikuwa lini?"

"Achieng' alikuwa kidato cha pili."

Nikahesabu. Ilikuwa zamani sana. Miaka yote ile baadaye nilikuwa nimeendelea kuingia mlango ule nikiwa nimejiandaa kutotazamwa. "Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungelegea," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliuweka mkono wake shavuni mwangu, mkono wenye joto la moto na harufu ya kitunguu. Kisha akaniambia nishike sikio moja la sufuria ya chai, yeye ashike la pili, kwa sababu watu wa Nyalenda walikuwa wamefika na walikuwa bado wamesimama.